Jicho la Raia

Muulize mfanyabiashara yeyote wa Nyamakima au Kamukunji anayeagiza mali kutoka Guangzhou, na atakwambia RMB leo inaenda kwa shilingi ngapi kabla hujamaliza swali. Herufi hizo tatu ni kifupi cha renminbi, yaani pesa ya watu. Ren ni mtu. Bi ni pesa. Ile min ya katikati, hiyo M, ndiyo nataka tuizungumzie. Kwa Kichina huandikwa hivi: 民. Mistari mitano tu. Imo kwenye kila noti ya China kwa sababu benki inayozitoa inaitwa Benki ya Watu wa China, na imo kwenye jina rasmi la nchi yenyewe. Sisi tungeitafsiri raia, au wananchi, au umma, kutegemea sentensi inataka nini.

Neno la heshima, basi. Lakini ukiirudisha alama hiyo nyuma miaka 3000 hivi, wako wasomi wanaosema utakuta jicho. Na jicho hilo limechomwa kwa kitu chenye ncha.

Nimekaa na jambo hili kwa muda, na swali linalonisumbua si la Kichina pekee. Neno likizaliwa kwenye ukatili, je, linaweza kuja kuwa neno la heshima kweli, ama linabadilisha nguo tu? Na nani mwenye haki ya kutangaza kwamba limebadilika?

Tuanze na ushahidi wenyewe. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa kule Beijing kuna chungu kikubwa cha shaba chenye miguu mitatu, kinaitwa Da Yu ding. Kina uzito wa zaidi ya kilo 150, na ndani yake mna maandishi ya enzi za Zhou Magharibi, karibu mwaka 1000 KK. Mfalme anamhutubia mtumishi wake mkubwa aitwaye Yu, anamkumbusha jinsi wafalme waliotangulia walivyowatawala watu vizuri, kisha anampa zawadi: mavazi, gari la farasi, na wanadamu. Wanadamu hao wamehesabiwa kama mifugo, 659 mara moja na 1,050 mara nyingine. Alama yetu ya min imo humo humo. Ukiitazama ilivyochorwa, ni jicho, na chini ya jicho pana mstari unaoshuka kama sindano.

Mwaka 1931 msomi Guo Moruo, aliyekuwa akiishi uhamishoni Japani, alichapisha utafiti kuhusu maandishi ya kale ya Kichina. Alieleza kwamba min ilikuwa picha ya mtumwa aliyetobolewa jicho moja, la kushoto, ili ajulikane ni mtumwa na asiweze kupigana wala kutoroka kwa urahisi. Akaiweka kando ya alama nyingine, 臣, inayosomwa chen, ambayo baadaye ilikuja kumaanisha waziri au mtumishi wa mfalme. Hiyo nayo ni jicho, ila limesimamishwa wima, kama jicho la mtu aliyeinamisha kichwa huku akitazama juu kwa woga. Kwa hivyo ukichukua alama mbili za watu walio chini ya mfalme, moja ni jicho lililoinama, nyingine ni jicho lililotobolewa.

Haki itendeke: si kila mtaalamu anakubali. Guo alikuwa Mmarx, na alitaka kuonyesha kwamba China ya kale ilikuwa jamii ya watumwa. Picha ile ilimfaa mno. Wengine huuliza, mtumwa ukimpofusha atakulimia vipi? Wengine husema kwamba alama nyingi za Kichina ziliazimwa kwa sababu ya sauti tu, kwa hivyo kilichochorwa si lazima kiwe ndicho kilichomaanishwa. Jicho lipo, hilo halina ubishi mkubwa. Ni nani alilitoboa na kwa nini, hapo ndipo wanapogombana.

Sasa, watu wanaopenda asili za maneno huwa na ugonjwa mmoja. Wakishaipata asili, wanasema: kumbe, maana *halisi* ni hii. Kama vile maana ya leo ni kanzu na ya zamani ndiyo mwili. Hebu tujaribu hapa kwetu. Neno raia tulilipata kutoka Kiarabu, na huko linatoka kwenye mzizi wa kuchunga. Raia ni kundi linalochungwa, na mtawala ni mchungaji. Je, askari akisema amekutana na raia wawili barabarani, anamaanisha kondoo wawili? La. Hakuna anayefikiria malisho. Maana ya neno ni kazi linayofanya kati ya watu walio hai, si cheti chake cha kuzaliwa.

Lakini pia sitaki tulimalize hivyo haraka. Kuna mahali asili ya neno hukataa kufa, na mahali penyewe ni pale mtu mwenye nguvu anapoihitaji. Mfano wenyewe upo.

Katika karne ya 2 KK aliishi mwanafalsafa Dong Zhongshu, ambaye mawazo yake yalisaidia kuifanya Konfusio kuwa dini ya serikali, kama tunaweza kuiita hivyo. Kitabu kinachohusishwa na jina lake kinaeleza kwamba neno min linatokana na neno linalomaanisha kufumba macho, kulala. Watu, anasema, ni kama jicho lililolala. Uwezo wa kuona limo nao, lakini mpaka liamshwe haliwezi kuitwa jicho linaloona. Anaongeza mifano: yai si kifaranga mpaka liatamiwe, kifukofuko si hariri mpaka kichemshwe. Watu wana mbegu ya wema, ila wema wenyewe bado. Na nani atawaamsha? Mfalme. Ndiyo maana Mbingu zikamweka.

Angalia alichofanya huyu mzee. Hakusema watu ni wabaya, wala hakusema ni wajinga milele. Amesema tu kwamba wamelala, na kutokana na usingizi huo akampa mfalme kazi ya kudumu. Maana kama raia wangeamka siku moja na kubaki macho, mwamshaji angefanya nini kesho yake? Hapo jicho la min halikutobolewa kwa sindano. Limefumbwa kwa nadharia. Kamusi ya Xu Shen, iliyokamilika mwaka 100 BK, ilifuata njia ya jirani: ikaieleza min kuwa ni machipukizi mengi, kwa neno ambalo pia lilitumika kwa watu wasiojua kitu.

Na bado, alama ile ile moja, miaka kama 200 kabla ya Dong, ilikuwa mdomoni mwa Mencius. Yeye alifundisha kwamba katika nchi kilicho na thamani kuu ni watu, madhabahu za taifa zinafuata, na mtawala ndiye mwepesi kuliko vyote. Halikuwa neno tofauti. Lilikuwa min hii hii yenye jicho. Mwaka 1394 mfalme wa kwanza wa enzi ya Ming, Zhu Yuanzhang, aliagiza kitabu cha Mencius kipunguzwe, na vifungu 85 vikaondolewa, kikiwemo hicho. Mfalme huyo alizaliwa maskini wa kutupwa, mtoto wa wakulima waliokufa kwa njaa na maradhi. Alikuwa min mwenyewe. Alipofika juu, akaona sentensi inayowaweka min juu yake, akaikata.

Kwa hiyo asili ya neno haikumlazimisha Mencius kuwadharau watu, wala kuzaliwa min hakukumlazimisha Zhu kuwaheshimu.

Kuna kisa kingine ninachokipenda kwa sababu kinachekesha na kinauma. Mfalme Taizong wa enzi ya Tang, aliyetawala kuanzia 626 hadi 649, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Li Shimin. Min hiyo ndiyo hii yetu, jina la mtu anayetarajiwa kuwaletea watu utulivu. Desturi ilikataza kuandika jina la mfalme ovyo. Basi baada ya kifo chake hata wizara iliyoitwa kwa neno min ikabadilishiwa jina. Waandishi wakaanza kuweka "mtu" mahali pa "watu", au wakaiandika min huku wakiacha mstari mmoja. Miongo mingi baadaye, vitabu vya Konfusio vilipochongwa kwenye mawe na kukamilika mwaka 837, min ilichongwa ikiwa pungufu. Fikiria hilo. Mtawala anajiita kwa jina la raia, kisha raia hawezi tena kuandikwa akiwa mzima.

Alama hiyo haikukaa China peke yake. Kwa karne nyingi wasomi wa Korea, Japani na Vietnam waliandika kwa alama za Kichina, na min ikahama nao, kila mahali ikasomwa kwa sauti ya mahali.

Japani inasomwa min, au kwa neno lao la asili, tami. Katika usomaji wa kale wa vitabu vya kifalme, watu wa nchi waliitwa pia ōmitakara, yaani hazina kuu ya mfalme. Inasikika vizuri, si ndiyo? Lakini hazina ina mwenyewe. Katiba ya Meiji ya mwaka 1889 iliwaita Wajapani shinmin. Shin ni ile chen tuliyoiona. Jicho lililoinama likaunganishwa na jicho lililotobolewa, katika hati iliyotangazwa kuwa ya kisasa kabisa. Mwaka 1916 profesa Yoshino Sakuzō alitaka kutetea demokrasia bila kugusa kiti cha mfalme mkuu, akachagua neno minponshugi, msimamo wa kwamba watu ndio shina la siasa. Hakutaka lile lingine, minshushugi, kwa kuwa lingesikika kama kusema watu ndio wenye mamlaka. Siasa yote ya nchi ilikuwa imejificha kwenye silabi moja, hon au shu, shina au bwana.

Kisha vita, kisha kushindwa, kisha katiba mpya iliyotangazwa mwaka 1946. Sasa mamlaka ni ya kokumin, watu wa taifa. Ushindi, ungesema. Lakini rasimu ya Kiingereza ilizungumza kuhusu watu kwa upana zaidi, na ilikuwa na ulinzi kwa wageni pia. Ilipopita kwenye tafsiri na majadiliano, upana ule ukabanwa kwenye kokumin, na kokumin ikaja kumaanisha mwenye uraia. Wakorea na Wataiwani waliokuwa wakiishi Japani, ambao himaya ilikuwa imewafanya kuwa raia wake bila kuwauliza, walipoteza uraia huo mwaka 1952. Raia walipopata jicho lao, kuna watu waliachwa nje wasionekane. Nitarudi hapo.

Korea nako kuna hadithi mbili. Ya kwanza ni ya mfalme Sejong. Mwaka 1446 alitangaza maandishi mapya yenye herufi 28, na hati aliyoyatangazia inaitwa Hunminjeongeum: sauti sahihi za kuwafundisha watu. Ile min ya pili ndiyo yetu. Sababu aliyoitoa ni kwamba watu wasiojua wana mambo wanayotaka kuyasema lakini hawawezi, kwa kuwa maandishi ya Kichina hayaendani na lugha yao. Msomi Choe Manri na wenzake walikuwa wamempinga tangu 1444. Waliona ni aibu kuacha maandishi ya ustaarabu. Sejong bado anawaita watu wajinga, ni kweli. Neno la Kikorea lililotumika wakati huo kwa "mjinga", eorin, leo linamaanisha tu mtu mwenye umri mdogo. Lakini tazama tofauti yake na Dong Zhongshu. Dong alisema watu wamelala, kwa hivyo wanahitaji mfalme. Sejong alisema watu wana la kusema, kwa hivyo wanahitaji herufi. Huyo wa pili ametoa kitu ambacho akishakitoa hawezi kukirudisha. Mtu aliyejua kuandika haulizi tena ruhusa ya kuandika dhidi yako.

Hadithi ya pili ni ya mwaka 1919. Korea ilikuwa imeitwa Daehan Jeguk, Himaya ya Han, tangu 1897, na Japani ikaimeza mwaka 1910. Wapigania uhuru waliokimbilia Shanghai walipounda serikali ya muda, walihitaji jina. Wakachukua lile la zamani wakabadilisha alama moja tu: je, yaani mfalme mkuu, wakaiondoa, wakaweka min. Daehan Minguk. Ndilo jina la Korea Kusini mpaka leo. Na katika miaka ya 1970 na 1980, chini ya utawala wa kijeshi, neno minjung, umma wa walalahoi, likawa neno la wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi, wachoraji na wahubiri. Lilikuwepo Mei 1980 watu wa Gwangju walipopigwa risasi na jeshi la nchi yao. Lilikuwepo Juni 1987 maandamano yalipolazimisha uchaguzi wa rais kwa kura ya moja kwa moja.

Na hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Wale waandamanaji waliandika zaidi kwa herufi za Sejong. Kwa herufi hizo min ni 민, konsonanti, irabu, konsonanti. Hakuna jicho. Vietnam ni hivyo hivyo: neno ni dân, na linaandikwa kwa herufi za Kilatini kama hizi zetu. Wana methali inayosema kwamba afisa ni wa muda lakini dân ni wa vizazi elfu kumi. Anayeitamka leo haoni jicho wala sindano. Je, picha ikifutika, jeraha limefutika? Ningependa kusema ndiyo. Lakini nadhani jeraha halikuwahi kuwa kwenye picha.

Lilikuwa wapi basi? Nadhani lilikuwa kwenye sarufi.

Pitia tena mifano tuliyoiona. Kuwatawala watu. Kuwaamsha watu. Kuwaletea watu utulivu. Kuwatunza watu kama hazina. Kuwafundisha watu. Min yupo kila mahali, lakini karibu kila mara yeye ndiye anayetendwa. Hata anapopendwa, anapendwa kama anayetendwa. Ndiyo maana kisa cha neno minzhu, demokrasia, kinanigusa. Limeundwa kwa alama mbili: min, watu, na zhu, bwana. Katika vitabu vya kale kabisa vya China minzhu ilimaanisha bwana wa watu, yaani mfalme ambaye Mbingu zimemtafuta awatawale. Mwaka 1864 mmisionari Mmarekani William Martin, akishirikiana na wasomi wa Kichina, alichapisha tafsiri ya kitabu cha sheria za kimataifa, na minzhu ikatumika kueleza nchi ambazo watu ndio wanaoamua. Alama zile zile mbili, kwa mpangilio ule ule, zikageuka kutoka bwana wa watu hadi watu ni bwana. Kichina kinaruhusu hivyo kwa sababu kinaweka maneno mawili kando kwa kando bila kiunganishi. Mtu unabaki kuamua mwenyewe nani anamiliki nani.

Kiswahili hakitupi nafasi ya kujificha namna hiyo. Sisi tunalazimika kusema. Ndiyo maana ule utani wa Kenya unakata: kuna wananchi, na kuna wenye nchi. Wote wanatumia nchi ile ile, ila *mwana* na *mwenye* hawaketi meza moja. Na fungua gazeti lolote la Kiswahili usome vichwa vya habari. Wananchi watakiwa kudumisha amani. Wananchi wahimizwa kujitokeza. Wananchi waonywa. Kauli ya kutendwa kila mahali. Hakuna aliyetobolewa jicho, na hakuna tusi. Lakini mwananchi kwenye sentensi hizo ni mtu anayefanyiwa mambo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sina digrii, na alama za Kichina nazisoma kwa simu usiku. Naijua vizuri ile sauti inayosema watu wa chini hawaelewi, wahamasishwe kwanza. Sauti hiyo haina chuki. Mara nyingi ina huruma kabisa, ndiyo maana ni ngumu kuipinga. Ni sauti ya Dong Zhongshu ikiwa imevaa fulana ya semina. Inakuambia una jicho zuri sana, subiri tulifungue.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Neno lililozaliwa kwenye ukatili linaweza kuwa la heshima, lakini haliwi hivyo kwa kusafishwa na mtawala. Kulichapisha kwenye noti hakutoshi, wala kuliita hazina. Linabadilika pale wale wanaoitwa kwa neno hilo wanapolisema wenyewe, wakiwa watenda, na anayesikiliza analazimika kujibu. Sisi tuna mfano wetu. Inasimuliwa kwamba katika mjadala wa katiba wa miaka ya 1990 Rais Moi aliuliza kwa dharau, Wanjiku anajua nini kuhusu katiba? Lilikuwa jina la mwanamke wa kawaida, lililotumiwa kumaanisha mtu asiyejua kitu. Watu hawakulikataa jina. Walilichukua. Wakasema ndiyo, sisi ndio Wanjiku, na katiba tunaitaka. Mwaka 2010 ikapatikana, na leo ukisema "Wanjiku ameamua" hakuna anayesikia tusi kwanza. Asili ya jina haijafutwa. Imegeuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyelitamka.

Lakini niliahidi kurudi kwa wale walioachwa nje mwaka 1952, maana jibu langu lina shimo pale. Watu wakishakuwa watenda, wanaweza pia kutenda ubaya. Wanaweza kusema "sisi wananchi" wakimaanisha "na si ninyi". Kokumin, watu wa taifa, walipata sauti, na sauti hiyo ikawa ukuta. Hapa Kenya pia kuna watu waliozaliwa hapa, wakazeekea hapa, ambao bado wanaulizwa karatasi za babu. Kuwa mtenda wa sentensi hakukufanyi kuwa mwema. Kunakufanya tu kuwa mtu anayeweza kuulizwa.

Kwa hili sina dawa, ila nina neno. Mkimbizi, kwa Kichina, ni nanmin. Kwa Kijapani, nanmin. Kwa Kikorea, nanmin. Nan ni janga, min ni yule yule. Mtu aliyepoteza nchi, nyumba na karatasi, lugha tatu zimegoma kumvua hiyo alama ya pili. Hana guo, hana taifa la kumtangulia, lakini bado ni min. Sidhani waliolibuni neno hilo walikuwa na nia ya falsafa. Walihitaji tu jina la watu waliokuwa wakipita barabarani na mizigo kichwani.

Mimi naona hapo ndipo neno linapopimwa. Usiulize lilichorwaje kwenye shaba miaka 3000 iliyopita, wala nchi gani inaliandika kwa herufi kubwa. Uliza linamtosha nani leo, na nani akilitamka anasikilizwa. Mfanyabiashara wa Nyamakima ataendelea kuuliza bei ya RMB kesho asubuhi, na hiyo M itapita mdomoni mwake bila kumwambia lolote. Ni sawa. Hana deni la kujua. Ila siku akisimamishwa mahali na kuulizwa wewe ni nani, atajibu mimi ni raia, na yule aliyemsimamisha itabidi aamue amesikia mtu, ama amesikia kondoo.